Bunduki za Rangi na Mluzi wa Jioni

Mwanangu Eliya,

Kama unasoma haya, basi umeingiza mguu kwenye buti la kushoto ukakuta karatasi, na mimi na wewe hatuna tena haja ya kudanganyana habari za Kampala.

Ulisema kuna kazi hotelini. Nikajibu vizuri, Mungu akutangulie. Lakini mimi nimezaliwa kule kwetu juu, mlimani, Kivu ya Kusini, na najua mtu aliyenunua buti za mpira na sweta zito anakwenda kukanyaga matope ya wapi. Hotelini hawavai buti za mpira. Na wale vijana wawili utakaopanda nao gari kesho wamenunua zao kwenye duka lile lile, nyeusi zile zile. Mngechagua hata rangi tofauti, jamani, mtu aone mmejitahidi kuficha.

Ndiyo maana nimeamua barua ikae humo. Kama kweli unakwenda Kampala, utavaa vile viatu vyako vya ngozi, na karatasi hii itabaki ndani ya buti mpaka panya waitafune, nami nitakuwa baba aliyemsingizia mwanawe bure. Hakuna aibu ninayoitamani kuliko hiyo.

Sasa hivi ni alasiri. Uko kanisani, wanawaombea vijana wanaosafiri, na mchungaji naye ameambiwa Kampala. Nimetoa kiti nje, nimekaa mlangoni, naandikia juu ya ubao wa kukatia mboga aliotuachia mama yako alipofariki. Jirani amepita akauliza ninaandika nini, nikamwambia hesabu ya maziwa. Unaona, kudanganya umerithi.

Sitakuambia uchemshe maji, wala ulale mapema, wala usome Zaburi. Hayo utaambiwa kanisani, na tena kwa sauti kubwa. Mimi nina jambo moja tu. Siku ile kule Kakiika uliniuliza swali na sikukujibu, na tangu siku hiyo nyumba yetu imekaa na watu wawili wanaosalimiana tu. Nadhani kule kunyamaza kwangu ndiko kulikokununulia hizo buti. Kwa hiyo nakujibu sasa, nimechelewa, lakini nakujibu.

Wacha nianzie kwenye benchi la Hajji Swaibu.

Tajiri wako yule ni mtu mwema, hata kama mshahara anautoa kwa kuukawiza. Siku ya pili ya Idi hafungulii wateja uwanja wake wa Kakiika. Anaita jamaa za wafanyakazi, Waislamu na Walokole pamoja, tunakula pilau lake, kisha tunaucheza bure ule mchezo wenu wa peintboli, watu wazima kuviziana kwa bunduki za rangi. Nilikuja kwa ajili ya pilau. Wewe ulikuwa umeshawatangazia wenzako kwamba baba yako alipigana vita, na kwamba siku hiyo wangeona mambo.

Tukiwa pale benchini yakazuka mabishano, je, mtu aliyeshika bunduki ya kweli atawashinda wasioijua? Hajji alisema hapo hakuna cha kubishana. Shemeji yake, yule mwalimu, akasema aliyezoea kuendesha lori hawezi kushindwa na pikipiki. Yule wa bodaboda akacheka sana, akasema wenye malori ndio anaowaokota barabarani kila siku wakijaribu pikipiki. Wewe hukubishana. Ulikuwa unafuta vioo vya barakoa, unatabasamu, unasubiri kuwaonyesha.

Hajji akanishika bega akaniambia, "Mzee, wewe ulishika ya kweli. Hii ni kitu ya watoto tu. Sisi tunakaa nyuma yako, wewe unamaliza kazi. Kale, sawa?"

Nami nilifurahi, Eliya. Sitakuficha. Mtu anayenunua maziwa Endiinzi na kuja kuyauza kwa kikombe hapa kambini Rubondo hapati kila siku watu wa kumtazama namna ile. Nilijaa kifua.

Ulipoitia ile bunduki mikononi mwangu, mikono ilitafuta uzito ikaukosa. Ilikuwa nyepesi, na juu yake mmefunga kikasha cha plastiki kilichojaa vidude vya rangi ya njano. Kidole changu kikajilaza chenyewe pembeni, nje ya kifyatulio, na mdomo wa bunduki ukaelekea chini. Hajji akawaonyesha wenzake, mnaona, mnaona anavyoishika. Nawe uliona. Uliwageukia rafiki zako ukawakonyeza. Nikakumbuka ulivyokuwa mdogo, ulipokuwa ukinishika mkono mbele ya watu ili wajue mimi ni wa kwako.

Honi ikalia. Sisi wazee tuna upande wetu, nyinyi vijana wenu. Uwanja mzima mmeujaza mbao zilizosimamishwa, matairi na mapipa, na kila mtu alikimbilia ubao wake. Mimi nilizipita mbao zote. Nilikimbia nimeinama mpaka kile kichuguu cha kona ya mwisho, nikalala nyuma yake. Baadaye uliniambia tangu uwanja ufunguliwe hakuna aliyewahi kukitumia, kwa kuwa kiko mbali na ukiwa pale huwezi kumpiga mtu yeyote. Ni kweli. Lakini kwangu kilikuwa kitu pekee pale ndani chenye maana ya kujificha.

Nilikuwa na rafiki anaitwa Ruben. Nimewahi kukutajia jina lake, sikukuambia mwisho wake. Siku moja tulikuwa tunakimbia risasi, mimi nikaangukia mtaroni, yeye akajibanza nyuma ya mlango wa zizi. Ulikuwa mlango mzuri, mbao nene, baba yake ndiye aliyeuchonga. Risasi haikuuona. Tangu siku hiyo mwili wangu hauhesabu ubao kuwa kitu. Hata hapa nyumbani, hukuwahi kujiuliza kwa nini kitanda changu nilikiweka kwenye ukuta wa udongo na si ule wa mbao? Ulidhani ni baridi.

Lakini kwenu ubao ni kitu. Kile kidude cha njano kinapasuka hata kikigusa jani la mgomba. Kwa hiyo vijana wa upande wako walikuwa wanajificha nyuma ya vitu vya kuchekesha, na walikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nyuma ya udongo mnene wa kuzuia kila kitu, na nilikuwa mjinga. Wakakimbia mbele, ubao hadi ubao, wanacheka, wanamwaga rangi kama mtu anayemwagilia kabichi. Mimi nilikuwa nabana risasi. Kule juu tuligawana risasi kama chumvi, ukipiga bila kumwona mtu unagombezwa na kila mmoja. Nikangoja nione mtu vizuri. Nilipomwona, nikalenga sawasawa na nilivyofundishwa, ingawa barakoa ilinizuia kulaza shavu, nikapiga mara moja. Kile kidude hakikwenda. Kilirushwa tu, kikashuka, kikapasukia kwenye nyasi katikati ya uwanja. Yule kijana hata hakugeuka.

Honi ikalia ya kumaliza. Mwalimu ni rangi kichwa hadi miguu. Wa bodaboda amepigwa mgongoni akiwa anakimbia kurudi. Hajji akaja kwangu anahema, akachungulia kile kikasha cha juu, akauliza kwa huruma kabisa, "Mzee, mbona imejaa?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Bado haikuwa mbaya. Nilijua nimekosea wapi, na nilikwambia nitajirekebisha duru ya pili. Ukaniambia niinue mdomo wa bunduki kidogo, nipige nyingi nitazame zinaangukia wapi, halafu nizifuate kwa macho. Ulinielekeza vizuri, kwa adabu, mbele za watu. Nilikuwa mwanafunzi wako na ilinipendeza. Laiti tungeishia hapo tukarudi kwenye pilau.

Duru ya pili nilitaka kuwapanga wenzangu. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mapipa, safari hii mahali panapofaa, na niliona upande wenu wa kushoto uko wazi. Nikataka Hajji na mwalimu wazunguke. Kupiga kelele ni kujitangaza. Basi nikafanya tulivyokuwa tunafanya kule mlimani, nikapiga mluzi. Ule wa kugeuza ng'ombe kushoto. Sisi wote wa kule tulikuwa wachungaji wa ng'ombe kabla ya kuitwa kitu kingine, na vita ilipokuja hatukuwa na simu wala redio za kuongelea, tulikuwa na mluzi. Nikapiga tena. Hajji hakusogea. Aliniambia baadaye alidhani ni ndege.

Aliyeuelewa mluzi ule alikuwa mtu mmoja tu kwenye uwanja wote, na alikuwa upande wa pili. Ni wewe. Mbuzi wetu hawa wa Rubondo nimewalea kwa mluzi wa ng'ombe maisha yao yote, na wewe ndiye uliyekuwa mguu wangu wa kuwakimbilia. Ukajua niko wapi, ukajua ninataka nini. Kumbe katika vyote nilivyovibeba kutoka kule, kilichofanya kazi kwenye uwanja wenu ni hicho kimoja, na kilikufanyia kazi wewe.

Halafu ukanijibu. Kutoka nyuma ya matairi nikasikia mluzi wa jioni, ule wa kurudisha wanyama nyumbani, unaoanza mrefu, unashuka, kisha vifupi viwili. Ulikuwa unanitania, najua. Nami niliinuka. Sikuamua kuinuka, Eliya. Nilijikuta nimesimama wima, bunduki inaning'inia mkononi, natazama huko mluzi ulikotoka. Ukanipiga kifuani.

Inauma kidogo, kile kidude. Lakini si maumivu yaliyonikalisha chini. Nilikaa pale kwenye vumbi, rangi inachuruzika kwenye shati langu la kanisani, na watu wote benchini wanacheka mpaka wanashikana. Ulikuja unakimbia, nawe unacheka, ukaninyooshea mkono uniinue. Halafu nadhani uliuona uso wangu ndani ya ile barakoa, kwa maana uliacha kucheka.

Pale bombani tulipokuwa tunanawa ndipo uliponiuliza. Uliuliza polepole ili wengine wasisikie, na hilo nakushukuru.

"Papa, kweli ulipiganaka? Ao ni bale bantu ba kanisa tu banakusifiaka?"

Nikakuambia, lete sabuni.

Hilo ndilo jibu nililokupa. Mtoto ananiuliza kama maisha yangu ni ya kweli, namwambia lete sabuni. Wiki ile ile nilikuwa nyuma ya nyumba nakamua mbuzi, rafiki yako yule mrefu akaja, mkakaa mbele hapa, na ukuta wetu huu unajua haufichi kitu. Nilimsikia akikuambia, "Kama ulimupiga muzee mwenye alipiganaka vita, basi weye uko tayari." Nawe hukucheka. Afadhali ungecheka. Nilisimama na bakuli la maziwa mkononi, nikataka kuja mbele, nikaona haya ya lile shati. Nikarudi kukamua mbuzi aliyekwisha kukamuliwa.

Kwa hiyo ndiyo hesabu yenu hiyo. Baba alipigana, mwana kamshinda baba, basi mwana anaweza kupigana. Inaonekana imenyooka. Na kosa lake si lako, ni langu, kwa sababu niliyejua haijanyooka nilikuwa mimi.

Swali lako lenyewe ni jepesi. Ndiyo, nilipigana. Nilikuwa na umri kama wako, nilipewa bunduki na wazee wa kijiji tulinde ng'ombe na nyumba, na niliibeba misimu kadhaa ya mvua. Lakini wale watu wa kanisa wanapokaa baada ya ibada na kusimulia nilivyosimama peke yangu mtoni, hadithi ile imekua humu humu kambini Nakivale. Ilipokuja ilikuwa ndogo. Kila mwaka wanaiongezea mtu mmoja niliyemfukuza, na mimi nakaa nakunywa chai yao, sisemi ndiyo, sisemi hapana. Ilikuwa tamu. Na wewe ulikuwa unakaa miguuni pangu unasikiliza, na macho yako yalikuwa matamu zaidi.

Kule mtoni sikusimama, nililala. Nilipigana nimelala, nimejisaidia ndani ya suruali, na wengi wa wenzangu walikuwa hivyo hivyo. Nilichojifunza kule hakikuwa kupiga. Nilijifunza kuogopa vizuri, nikajua ni udongo upi unaozuia risasi na upi hauzuii. Nikajua pia kukaa bila kusogea mpaka siafu apande shingoni ashuke upande wa pili. Ndiyo maana nilishindwa uwanjani kwenu. Nyinyi mnakimbia kwa sababu mnajua mkipigwa mtaenda kukaa benchini mle pilau. Mwili wangu haukuambiwa hilo. Niliuambia kwa mdomo, haukunisikia.

Sasa geuza. Wewe umezoea kwamba ubao unazuia. Umezoea kwamba anayesogea mbele ndiye anayeshinda, kwamba aliyepigwa anainua mkono, refa anamwona, wote wanasimamisha kupiga ili apite. Wewe ni mzuri sana, Eliya, nimekuona, una miguu na una macho, na nilijivunia hata nilipokuwa nimekaa kwenye vumbi. Lakini kila ulichokizoea pale Kakiika kitakuua kule juu siku ya kwanza, na kitakuua haraka kuliko kijana ambaye hajawahi kucheza. Yule angalau atalala chini. Wewe utakimbilia ubao.

Nimeandika sentensi hiyo nikatoka kutembea kidogo. Nimerudi. Jua limesogea, nimehamisha kiti.

Kuna la mwisho ambalo hata mama yako nilimwambia nusu. Ni kwa nini niliinuka.

Nilipokuwa mvulana, baada ya mavuno tulikuwa tunashusha ng'ombe kwenye mashamba ya majirani wa bonde la pili. Wao ni wakulima, si watu wetu, lugha yao nyingine. Ng'ombe wanakula mabua, wanaacha samadi, kila mtu anafurahi, na wazee wanakunywa pamoja. Watoto tulichunga pamoja. Kulikuwa na mmoja anaitwa Sadiki, umri wangu, hakuwa na hata mbuzi lakini alipenda ng'ombe kuliko mimi. Nilimfundisha mluzi wote. Ule wa jioni aliupiga vizuri kunishinda.

Vita ilipokuja, bonde lao likawa upande wa pili. Jioni moja tulikuwa tumelala kwenye majani, ukungu unashuka, na ng'ombe wetu wamebaki katikati, hakuna wa kuwafuata. Hakuna aliyepiga risasi kwa muda mrefu. Halafu kutoka kule ng'ambo nikasikia mluzi wa jioni, mrefu, unashuka, vifupi viwili. Nikasimama wima. Wenzangu walinivuta suruali, nikabaki nimesimama. Naye alikuwa amesimama, Sadiki, ana bunduki, amenona kidogo mashavuni tofauti na alivyokuwa. Alikuwa karibu vya kutosha. Aliniona kabisa.

Hakupiga. Nami sikupiga. Ng'ombe walikuwa wanageuka geuka katikati, hawajui waende kwa nani. Kisha ukungu ukaziba.

Sijui kwa nini hakupiga, mwanangu. Miaka yote nimejiambia ni kwa sababu ya ule mluzi. Pengine bunduki yake haikuwa na kitu ndani. Sikupata kumuuliza. Ninachojua ni kwamba usiku ule nilimpa mwenzangu silaha yangu, nikamwambia naenda kujisaidia, nikashuka mlima, na sikurudi. Wapo wanaoita hiyo kutoroka. Ni kutoroka. Ndiko ulikotoka wewe, maana mama yako nilimpata nikiwa njiani kukimbia, na yeye anakimbia.

Basi uliponipigia mluzi ule pale Kakiika, kwa mchezo, mimi sikuwa Kakiika. Na ulipofyatua, kwa nukta moja nilifikiri, Sadiki amebadili nia. Kisha nikaona ni wewe. Umesimama mbele yangu, unacheka, umeninyooshea mkono. Katika maisha yangu nimefyatuliwa risasi na watu wengi nisiowajua, na wewe ndiye pekee aliyekuja kuniinua. Lile shati nimeliacha bila kulifua. Uliniuliza mbona silivai kanisani, nikasema kola imechakaa.

Sadiki, kama yu hai, bila shaka ana watoto. Watakuwa wa rika lako, na kwa jinsi ninavyomjua, amewafundisha mluzi. Ukifika kule juu na jioni moja ukausikia kutoka ng'ambo, usidhani ni mimi. Nimekaa hapa najaribu kuandika ufanye nini wakati huo, uinuke au ulale, na siwezi. Mimi niliinuka nikapona. Mwingine ataandikiwa mengine. Nisingependa ufike mahali ambapo baba yako hana la kukuambia.

Sitamwambia mchungaji, wala polisi, wala mama zao wale vijana, ingawa nimefikiria kufanya yote matatu. Wewe ni mtu mzima. Na kukufunga kamba nisingeweza, una nguvu kunizidi, hilo tumelithibitisha mbele za watu. Lakini ninaogopa. Naogopa kesho jioni kuliko kesho asubuhi. Asubuhi kutakuwa na watu, mizigo, kuagana. Jioni nitasonga ugali kwa mkono uliozoea kupima wa watu wawili, halafu nitaanza kuula, halafu nitausikia ukimya. Nimeishi kambini miaka mingi katikati ya maelfu ya watu na sijawahi kuwa peke yangu ndani ya nyumba. Kwanza alikuwepo mama yako, kisha wewe. Sijui mtu anafanya nini na kiti cha pili.

Kama miguu imeshaingia kwenye buti na uko njiani, bado njia ina pande mbili. Rudi siku yoyote, saa yoyote, na usitafute uongo wa kuja nao. Sitakuuliza kitu. Buti tutazipa kazi, zizi la mbuzi lina matope ya kutosha, na Hajji ameniambia mara mbili nafasi yako hajampa mtu. Kama ni hofu ya watakaokucheka, nitakupeleka kwa yule wa bodaboda, akusimulie mimi nilivyochekwa, uone kwamba mtu anachekwa na anaamka kesho yake anauza maziwa.

Nasikia mnatoka kanisani, mnaimba. Nakunja hii sasa niitie kwenye buti kabla hujafika.

Kesho gari likiwashwa nitakuwa nyuma ya nyumba, pale palipoinuka, nitapiga mluzi wa jioni ingawa itakuwa asubuhi. Utadhani ninaita mbuzi, na kelele za injini huenda zikakufanya usiusikie kabisa. Basi ujue kwamba nilipiga. Na kuanzia kesho nitapiga kila jioni, mbuzi wakiwa wamesharudi, watu wa Rubondo waseme mzee amechanganyikiwa. Wewe uliponipigia, mimi niliinuka.

Papa yako